Kijana Mkristo, mshahara na simu za nyumbani

Mwalimu mmoja wa shule binafsi Dar es Salaam ameniandikia wiki hii: "Mtumishi, mwezi nisipotuma hela nyumbani najiona si mtoto tena, wala si Mkristo." Ujumbe huu nimeusoma mara nyingi, kwa sababu najua wako wengi wanaolia hivyo kimyakimya kila mwisho wa mwezi.

Tuanze na hilo la kujiona. Katika Mathayo 3:17 Baba anasema "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu" pale Yordani, kabla Yesu hajahubiri, hajaponya mgonjwa, hajalisha mtu. Uana ulitangulia kazi. Ukibatizwa katika Kristo wewe ni mtoto hata mwezi ambao mshahara umechelewa. Anayetuma hela ili apate kuwa mtu hataweza kusema "mwezi huu sina", na hapo ndipo madeni yanapoanzia.

Wajibu wenyewe haukwepeki. 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Lakini sura hiyo ina mpangilio: mstari wa 4 unataja wazazi na nyumba yako mwenyewe. Binamu wa binamu hajatajwa.

Sasa hesabu. Tuchukue mshahara wa shilingi 800,000 kabla ya makato. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 80,000. Kodi ya mapato kwenye 720,000 zinazobaki ni 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15 inaondoka pia, 120,000. Mkononi inafika 540,000, ilhali kijijini wanajua unalipwa laki nane. Waonyeshe wazazi karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari. Wengi hawajawahi kuiona.

Fungu la kumi 54,000. Kodi ya chumba 100,000, na iweke pembeni kila mwezi hata kama hudaiwi, kwa sababu mwenye nyumba atataka ya miezi sita kwa mkupuo. Chakula 150,000, nauli 60,000, umeme, maji, sabuni na vocha 36,000. Akiba 40,000. Imebaki laki moja: 60,000 ya wazazi, tarehe ileile kila mwezi, na 40,000 ya ukoo. Msiba, mgonjwa, kadi ya harusi, vyote vinatoka kwenye hiyo 40,000. Ikiisha, imeisha mpaka mshahara ujao.

Mpango huu huvunjika kwenye simu. Mjomba anapiga, unaona aibu, unasema "nitaangalia". Kwake hiyo ni ndiyo, anakwenda kukopa dukani kwa jina lako. Siku ikifika huna, unakopa kwenye simu au kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, na mwezi unaofuata unalipa riba kwa hela ya mama. Usijibu papo hapo. Mwandikie: "Shikamoo mjomba. Pole kwa hilo. Fungu la familia mwezi huu limekwisha. Tarehe 28 nitatuma elfu 20, zaidi ya hapo sitaweza." Kiasi, tarehe na mpaka viwemo vyote vitatu. Ikiwa ni ada, omba namba ya malipo ya shule ulipe huko moja kwa moja.

Na kanisani pia semeni ukweli. Katika Marko 7:9-13 Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakawanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio cha sadaka. Bahasha ya ahadi ya ujenzi isijazwe kwa hela ya dawa za baba. Wachungaji wenzangu, tuache kuwaaibisha vijana kwa kusoma majina ya wasiomaliza ahadi. Paulo aliandika kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo", 2 Wakorintho 8:12.

Mwalimu wangu, ukienda likizo waite wazazi na wadogo zako mkae pamoja. Taja kiasi cha kila mwezi na tarehe yake. Kisha mpangie kazi kila mmoja: aliyemaliza ufundi achukue bili ya maji, hata ikiwa ni elfu tano. Andikeni kwenye daftari, libaki kwa mama.