Kila kitu kinasubiri saini ya mkuu: majibu kwa wasomaji

Mtendaji mkuu wetu mpya ni mchapakazi, ila kila jambo lazima lipite kwake: ajira, bei, hata manunuzi madogo. Mameneja waliokuwa wakiamua wenyewe sasa wanasubiri. Idara ya rasilimali watu imeagizwa iandae semina ya kujenga moyo wa uthubutu. Itasaidia?

Haitasaidia, kama saini zitabaki zilipo. Wafanyakazi huujua utamaduni wa kampuni kwa kutazama nani anapandishwa cheo, nani anakatizwa akizungumza kikaoni, na ombi linakaa siku ngapi kabla ya kujibiwa. Meneja ambaye maamuzi yake matatu yametenguliwa hatafanya la nne. Ataandika dokezo alipeleke juu. Msimwite mwoga. Amepiga hesabu zake sawasawa.

Kuanzia hapo mtindo wa mtu mmoja unageuka kuwa muundo wa kampuni nzima. Mkuu akizidiwa na majalada anaajiri msaidizi wa kuyachuja. Msaidizi, ili aweze kuchuja, anadai fomu na ripoti. Idara nazo zinatafuta watu wa kuandaa ripoti hizo. Baada ya muda kuna ngazi nzima ya vyeo ambayo hakuna aliyeipanga, na hata mkuu akiondoka ngazi hiyo inabaki, kwa kuwa mishahara yake imeshaingia kwenye bajeti.

Anzeni na maamuzi yenyewe. Kusanyeni maombi yote yaliyofika mezani kwake katika wiki nne zilizopita, na kwa kila moja andikeni: nani aliomba, lilikaa siku ngapi, mkuu alilibadilisha au alilipitisha kama lilivyokuja, na kama uamuzi ungekosewa, ungeweza kurekebishwa kwa gharama gani. Yale aliyoyapitisha bila kugusa neno hayakuwa na haja ya kumfikia. Ni vizuri mkuu mwenyewe aione orodha hiyo kabla ya mtu yeyote kumpa ushauri, kwa sababu siku za kusubiri zikiandikwa mbele yake ni vigumu kubishana nazo.

Kisha gawanyeni. Uamuzi unaorekebishika kwa gharama ndogo ushuke kwa meneja aliye karibu na kazi, mkuu apewe taarifa baadaye. Usiorudi nyuma, kama kufunga tawi, kuchukua mkopo mkubwa au kuteua mkuu wa idara, ubaki juu. Kila ngazi iwekewe kiwango chake cha fedha kwa maandishi, bodi ikipitishe, na idara ya fedha ikiingize kwenye mfumo wa malipo. Hatua hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, na bila hiyo mhasibu ataendelea kudai saini ya mkuu kabla ya kulipa, na mtakuwa mmerudi mlikoanzia.

Mpango huu huvunjikia sehemu mbili. Ya kwanza ni siku meneja atakapotumia mamlaka yake mapya na kuleta hasara. Mkuu akiyanyang'anya mamlaka hayo, habari itazunguka ofisi zote kabla ya jioni. Kubalianeni mapema: kama hakuvuka kiwango chake wala hakudanganya, ataulizwa alijua nini, alitarajia nini na kitarekebishwa nini, na kiwango chake hakiguswi. Ya pili ni mlango wa nyuma, yaani mfanyakazi anayemruka meneja wake na kumwendea mkuu moja kwa moja. Mkuu asijibu ombi hilo. Alirudishe kwa meneja, kila mara.

Kikao cha kila wiki kinajaa ripoti nzuri, halafu mwisho wa robo mwaka tunakuta hasara. Mameneja wetu wanadanganya?

Mtazameni kwanza anayeongoza kikao. Mwaka 2006, Alan Mulally alipoanza kazi kama mtendaji mkuu wa Ford, watengenezaji wa magari, kampuni ilikuwa ikielekea kufunga mwaka kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 12, lakini chati za wakuu wake zilikuwa za kijani tupu, rangi ya mambo yanayokwenda sawa; nyekundu ni ya yenye tatizo. Mark Fields, aliyesimamia Amerika, ndiye aliyethubutu kuonyesha nyekundu, kwa sababu ya hitilafu kwenye gari la Edge lililokuwa karibu kuzinduliwa. Mulally alipiga makofi, na maswali yakahamia kwenye nani awezaye kusaidia. Fields hakufukuzwa, na wenzake waliliona hilo. Mwaka 2014 ndiye aliyemrithi Mulally.

Kwa hiyo mkuu azungumze mwisho, na swali lake la kwanza kwa mwenye habari mbaya liwe "unahitaji nani?" Suluhisho lijadiliwe kwenye kikao kingine, na wahusika tu. Likichambuliwa mbele ya wote, mhusika atajiona anahukumiwa, na wiki inayofuata mtaletewa kijani.

Tuige muundo wa Apple au wa Amazon?

Hiyo ni miundo inayopingana, na yote miwili imefanikiwa. Steve Jobs aliporudi Apple mwaka 1997 alivunja vitengo vilivyojitegemea, akaipanga kampuni kwa fani, kama usanifu, uhandisi na masoko, yenye hesabu moja ya faida na hasara. Wakuu wa fani wakitofautiana, ubishi unapanda hadi juu kabisa, kwa hiyo muundo huo unadai mkuu anayeijua bidhaa kwa undani. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alijenga timu ndogo, zinazoweza kushibishwa na piza mbili, na mwaka 2004 akaondoa slaidi za PowerPoint kwenye vikao vya wakuu, wakaanza kusoma hoja zilizoandikwa kwa maelezo kamili. Timu za namna hiyo huenda mbio, ila kazi ileile inaweza kufanywa mara mbili bila wao kujuana.

Kabla ya kuiga, chukueni ugomvi mmoja wa kweli kati ya idara zenu mbili, muufuatilie kwenye mchoro mpya wa kampuni hadi kwa mtu atakayeuamua. Kama mtu huyo hana muda wala ujuzi wa jambo lenyewe, mchoro huo hauwafai.