Je, kila anayembaka mtoto ana ugonjwa wa kutamani watoto?

Mama, umeuliza kama kila mwanaume anayembaka mtoto ana ugonjwa wa kutamani watoto. Hapana, na sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunayo sababu ya kulijua hilo.

Watafiti hupanga mvuto wa kingono kwa hatua ya ukuaji wa mwili wa anayetamaniwa. Pedofilia, jina ambalo daktari Krafft-Ebing alilitumia mwishoni mwa karne ya 19, ni kuvutiwa na mtoto ambaye hajaanza kubalehe. Anayeanza kubalehe: hebefilia. Wanaume wengi huvutiwa na watu wazima. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, hauiti pedofilia ugonjwa mpaka hali idumu miezi 6 au zaidi, na mhusika awe ametenda au inamtesa.

Sasa kumbuka Kavumu, kijiji kilicho karibu na Bukavu. Kuanzia 2013 mpaka 2016 watoto wa kike, wengine hata hawajatimiza mwaka, walichukuliwa usiku vitandani mwao, wakabakwa, wakatibiwa hospitali ya Panzi hapa Bukavu. Hukumu ya Desemba 2017 iliwatia hatiani wanamgambo walioamini damu ya watoto hao ingewakinga na risasi. Hapo usitafute ugonjwa wa mvuto. Ni ushirikina na bunduki. Wengine huwashika watoto kwa sababu tu ndio walio karibu na hawana wa kuwatetea.

Kwa hiyo tusimchunguze tu "mgonjwa" mtaani. Na mtoto akidhurika, msipoteze muda na mapatano ya kifamilia: mfikisheni hospitali kabla ya saa 72, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI bado zinasaidia.