Barabara ya zege handakini inateleza: kabla hujamwaga tabaka jipya

Mkuu, umeuliza kipi bora kati ya kumwaga tabaka jipya la zege na kupaka epoksi (gundi ya kemikali inayoganda na kuwa ngumu) kwenye barabara ya handaki ambayo matairi yanateleza na maungio yamemeguka. Nimesimamia zamu za usiku kwenye kazi za namna hii, na msimamo wangu ni kwamba handakini usiongeze kitu kabla hujajua unaweza kupunguza nini.

Barabara ya nje ukiiinua sentimita saba, maisha yanaendelea. Handakini dari haliendi popote. Unachoongeza chini unakitoa kwenye nafasi ya malori, feni na mabango ya juu, halafu midomo ya mitaro inabaki shimoni. Kwa hiyo kama slebu zenyewe, yaani vipande vikubwa vya zege vinavyounda barabara, ni nzima, mimi naanza na kusaga kwa misumeno ya almasi. Inakwangua kama milimita 3 hadi 6, inasawazisha pale slebu moja ilipoizidi nyingine, na inaacha mistari myembamba inayofuata mwelekeo wa magari. Tairi linashika, na makelele yanapungua.

Hata hiyo kusaga, isubiri kidogo. Mvua haiingii mle, kwa hiyo vumbi la matairi, mafuta na masizi ya dizeli vinaganda juu ya zege mwaka hadi mwaka. Osheni kwa maji ya presha, kisha ndipo mpime mshiko wa tairi na barabara. Mkipima kabla ya kuosha mnapima uchafu.

La pili ni maji. Buruta mnyororo juu ya slebu au gonga kwa nyundo. Panapolia uvungu, weka alama. Tope laini likiruka kwenye maungio lori linapopita, ujue chini kuna maji na udongo umeshaanza kuhama. Hapo tabaka la juu halitibu kitu: jaza uvungu, shughulikia maji, au vunja slebu hiyo umwage mpya. Na epoksi ndiyo inayoumbuka zaidi, maana inaziba kabisa, unyevu unaisukuma kutoka chini, inavimba na kubanduka. Nimeona ikitoka vipande vipande kama ukoko wa sufuria.

Ikibidi kumwaga tabaka linaloshikana na zege la zamani, pesa na akili ziende kwenye maandalizi. Mashine ya meno, ile inayokwangua zege kwa meno ya chuma, ina kasi, lakini inalipiga zege hadi kuacha nyufa ndogo ambazo macho hayazioni. Tabaka jipya litashika vizuri, kisha litang'oka pamoja na ngozi ya zege la zamani. Napendelea maji ya presha ya zaidi ya bar 1,000, yanayotoa zege dhaifu na kuliacha lile imara. Mashine ya meno ikitumika, ifuatwe na kupiga uso wa zege kwa chembe za chuma, na fanyeni jaribio la kuvuta, kuona uso huo unashikilia kiasi gani, kabla ya kumwaga, siyo baada. Maungio mapya yakae juu ya yale ya zamani, na yakatwe kina chote cha tabaka. Mkikosea mstari, ufa utajichagulia njia yake.

Sasa upepo. Watu wakiona hakuna jua wanalegea, wakati handaki lina mkondo wa hewa kutoka mlango hadi mlango, na feni zinauongezea nguvu. Zege bichi linapokaukia juu haraka, linapasuka kabla halijashika. Tahadhari ya kawaida ni pale maji yanapopotea karibu kilo 1 kwa kila mita ya mraba kwa saa, na kwa tabaka jembamba mimi sisubiri kufika huko. Shida ni kwamba huwezi kuzima feni, watu wanavuta moshi wa mashine. Tulichokuwa tunafanya ni kupeleka mashine zinazotumia umeme kila inapowezekana, kupunguza feni wakati wa kulainisha huku kipima hewa kikiwa mkononi, kuweka vizuizi vya upepo, na kunyunyizia dawa ya kuzuia ukavu nyuma tu ya mafundi. Fundi anayesema "ngoja tumalize kwanza" mpe kazi nyingine.

Kata na saga kwa maji, kwa sababu vumbi la zege lina silika, madini ya mchanga, na mapafu hayaisamehi. Tope lake ni kali kama maji ya chokaa, linyonywe kwa mashine, lisiingie mtaroni.

Kuna mdau kasema wekeni lami badala ya zege yaishe. Moto wa handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, wa tarehe 24 Machi 1999 uliua watu 39 na ukawaka zaidi ya siku mbili. Lami haikuuanzisha, lakini kwenye joto la namna ile lami inaungua na kutoa moshi, zege haliungui. Austria imelifanya zege kuwa sharti kwenye mahandaki marefu. Isitoshe zege ni jeupe zaidi, taa zinafanya kazi vizuri.

Kama mnafunga usiku tu, kuna saruji za kukomaa haraka zinazoruhusu magari baada ya saa chache. Ila vipande vya majaribio, vile vya zege hilo hilo vya kupimia ukomavu, vilazeni humo humo handakini, kwenye baridi na upepo ule ule. Vya maabara vitakuambia zege limekomaa wakati la barabarani bado, na foleni ya asubuhi imeshafika mlangoni.