Mnara wa mraba au wa duara?

Ndugu, umeuliza ngome ya hadithi yako, Uingereza ya karne ya 13, iwe na mnara wa mraba au wa duara, na adui aiangushe vipi. Mimi ningeweka mraba, wa zamani kidogo, halafu ningesoma habari za Rochester, ngome ya Uingereza iliyoshikwa na waasi, mwaka 1215. Mfalme John aliizingira wiki saba hivi. Watu wake walichimba chini ya pembe ya kusini-mashariki ya mnara mkuu, wakaishikiza kwa magogo, kisha wakayatia moto magogo. Moto ulichochewa kwa mafuta ya nguruwe 40 walionona, wale wasiofaa sana kuliwa. Amri ya mfalme ya kuwaagiza ipo hadi leo. (Ungeitunga mwenyewe, nani angekuamini?) Pembe ikaporomoka. Lakini waliomo ndani walirudi nyuma ya ukuta wa kati, ule uliogawa mnara ndani, wakaendelea kupigana, mpaka njaa ikawatoa. Kwa hiyo usimalize vita pale ukuta unapoanguka. Tuoneshe ghala likiisha. Pembe hiyo ilipojengwa upya ilifanywa duara, maana pembe kali hubomoka kirahisi. Mafuta ya kuchemsha ya kuwamwagia adui yaache, yalikuwa ghali. Mawe yanatosha.