Mwanya kwanza, msumeno baadaye: kwa mnaoanza kujenga baraza za mbao

Kijana akija kwangu kujifunza kazi, kitu cha kwanza anachotaka kushika ni msumeno. Namwelewa, nami nilianza hivyo hivyo. Lakini baraza ya mbao ya nyuma ya nyumba, ambayo wateja wengi wa Kampala wanaiita deki, mara nyingi huharibikia kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, na mwanya huo unatakiwa uwe umeamuliwa kabla hujakata chochote.

Niliyajua haya kwa gharama. Nilijenga baraza Entebbe mwezi wa nne, mvua ikinyesha karibu kila siku. Mbao zilikuwa za mkaratusi, wenyewe pale Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, wanauita kalitunsi, inchi sita kwa moja, zimepasuliwa juma lile lile. Nilipokuwa nakaza skrubu, maji yalichuruzika pembeni mwa kichwa cha skrubu. Niliyaona kwa macho yangu nikaendelea na kazi. Kati ya mbao niliacha milimita 6, kama nilivyofundishwa. Mwezi wa nane mwenye nyumba akanipigia simu: siku ya kwanjula ya binti yake, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kisigino cha kiatu cha mgeni kilizama katikati ya mbao, mama wa watu nusura aanguke. Nilipofika na tepu, mianya mingine ilikuwa milimita 14. Nilifungua mbao zote 20, nikazisogeza upya, nikaongeza ubao mmoja. Siku mbili za kazi bila malipo, na ilikuwa haki.

Kilichotokea ni hiki. Maji ya ndani ya mti yako sehemu mbili: kwenye uwazi wa mirija yake midogo, na ndani ya kuta zenyewe za mirija hiyo. Ya kwenye uwazi hutoka kwanza, na yakitoka ubao unakuwa mwepesi tu, haupungui upana. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta nazo zinaanza kukauka, na hapo ndipo ubao unasinyaa. Ndiyo maana ubao mbichi unaweza kukaa juma zima juani ukadhani umekwisha kutulia, kumbe haujaanza. Na husinyaa kwa upana, kwa urefu hauonekani kupungua. Ile inchi sita yako inaweza kukuibia milimita 8, lakini urefu wa futi 14 utabaki futi 14.

Kwa hiyo kabla ya yote jua hali ya mbao zako. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka haraka. Kipime kwenye mizani ya duka la nafaka, kikaushe taratibu kwenye oveni hadi uzito usishuke tena, kisha kipime upya. Kikitoka gramu 500 kikafika 400, kimepoteza 100. Gawa kwa 400, ni asilimia 25. Ubao huo bado una safari.

Mbao mbichi zibananishe kabisa, ubao uguse ubao. Zikikauka zitajifungulia mwanya zenyewe. Mbao kavu ziachie milimita 5 au 6; msumari mnene unatosha kuwa kipimo, utie kila penye mhimili, yaani mti wa chini unaobeba mbao, kisha uuchomoe. Chini ya hapo, majani ya mwembe na vumbi la murram hujaa katikati, yanashika maji, na mbao zinaoza pembeni. Zaidi ya hapo ni visigino na vidole vya watoto. Na usichanganye mbichi na kavu kwenye baraza moja, hata kama muuzaji anakuapia ni mti mmoja.

Aina ya mti nayo ina neno. Mvule hutulia kuliko mkaratusi na huvumilia mvua na mchwa, ila vumbi lake linawasha ngozi na kifua, funga pua. Tena ndani yake huwa na vijiwe vigumu kama chokaa iliyoganda; meno ya msumeno yakikutana navyo yanakuwa butu. Musizi ni mwepesi na unapendeza, lakini nje usiupeleke. Paini ipelekwe tu ikiwa imetiwa dawa.

Sasa kuna jambo ambalo mafunzo ya nchi za nje hayaligusi, kwa sababu kule mbao zinatoka kiwandani zikiwa sawa. Mbao zetu nyingi zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, kwa mkono. Huu una milimita 142, ule 151, na mwingine ni mpana upande mmoja kuliko mwingine. Ukizipanga hivyo, hata mwanya wako uwe sahihi namna gani, safu zitaanza kwenda mshazari. Zipeleke kwenye mashine zilinganishwe upana kabla hujazibeba kwenda kwa mteja. Pesa ya mashine ni ndogo kuliko hasira utakayoipata ubao wa mwisho ukigoma kuingia.

Baada ya hapo kaa chini na kalamu. Tuseme baraza ina upana wa milimita 3,600 na mbao zako kavu zina 145. Mbao 24 ni 3,480. Mianya ni 23, si 24. Kwa milimita 5 ni 115. Jumla 3,595, imekaa vizuri. Sasa tuseme mkono wako umelegea ukaacha 7. Mianya inakuwa 161, jumla 3,641, na ubao wa mwisho umezidi kwa milimita 41. Utalazimika kuupasua, na ubao uliopasuliwa ukingoni ndio kila mgeni atakaouona. Ndiyo maana kila baada ya mbao tano napima umbali uliobaki, mwanzo, kati na mwisho. Nikikuta upande mmoja umezidi milimita 4, nazirudisha kidogo kidogo kwenye mbao nne zinazofuata. Milimita moja jicho haliioni.

Ubao uliopinda usiutupe. Anza kuukaza upande ulionyooka, ukifika penye kupinda piga patasi ya zamani kwenye mhimili, sukuma mpini ubao usogee, mwenzako akaze skrubu. Karibu na ncha toboa kwanza kwa keekee, la sivyo utapasuka. Penye ukuta acha sentimita moja, maji yasilale kwenye plasta.

Ncha za mbao ziache ndefu. Hapa ndipo vijana wanaponishangaa: wao wanataka kukata kila ubao kwa kipimo kabla ya kuulaza. Ukifanya hivyo utapata ukingo wenye meno kama msumeno wenyewe, maana kila ubao umesogea kidogo wakati wa kukazwa. Mimi nalaza zote, naziacha zitokeze sentimita 5 hadi 10 nje ya mhimili wa pembeni, nazikaza zote, ndipo navuta uzi wa chaki kutoka kona hadi kona. Mstari mmoja, msumeno mmoja, ukingo mmoja. Baada ya kukata zibaki zimetokeza kama sentimita 3, ili matone yadondoke mbali na mhimili.

Msumeno wa umeme wa mkononi unakata kwa kupanda, kwa hiyo nyuzi za mti zinachanika upande wa juu, ule ule utakaoonekana. Pitisha kisu kikali juu ya mstari kwanza, bonyeza kwa nguvu, kisha funga ubao ulionyooka kwa klempu uwe reli ya msumeno. Umeme ukikatika na ukalazimika kutumia msumeno wa mkono, mambo yanageuka: wenyewe unachana upande wa chini, hakuna tatizo, ila usiharakishe mwisho wa kukata. Mtu akishikilie kinachoanguka, kisije kikavunjika na kubeba ukucha wa ubao wako.

Ukimaliza kukata usikunje vifaa. Ncha ya ubao inanyonya maji kuliko uso wake, na kwa paini iliyotiwa dawa, msumeno umefungua moyo ambao dawa haikufika. Lainisha ukingo kwa msasa, chukua brashi na dawa ya mbao, paka ncha moja moja. Ikinyonya papo hapo, paka tena, mpaka ibaki inang'aa kwa unyevu wa dawa.