Jibu: Rangi ya tangi inabanduka petroli ikidondoka

Habari mkuu. Umesema tangi la pikipiki ulilopuliza rangi ya kopo liling'aa vizuri, ila petroli ikidondoka karibu na mfuniko rangi inalainika na kubanduka. Langu lilifanya hivyohivyo. Kwanza angalia vanishi ya juu: kama si 2K, ile ya sehemu mbili yenye hadina (kemikali ya kuikausha iwe ngumu), petroli itaila hata ukipiga mikono (tabaka) sita. Kwangua yote iliyolainika, msasa wa maji namba 400, futa mafuta kabisa, praima (rangi ya msingi), msasa 600, rangi mikono myembamba, kisha 2K. Iache wiki nzima bila kujaza mafuta. Na tafadhali sana, mvuke wa hadina unaumiza mapafu: pulizia nje, vaa angalau barakoa yenye chujio la kemikali, ya kitambaa haisaidii. Hayo ni ya tangi la chuma, plastiki za pembeni zina praima yake.