Akili haijapotea, dada

Dada, unauliza mbona kijana wako aliyekuwa nambari moja shule ya msingi kule Bondo, sasa kidato cha tatu ni wa 180 na anasema "mimi hesabu siziwezi". Akili iko palepale. Kilichobadilika ni anaojilinganisha nao. Mwanasaikolojia wa elimu Herbert Marsh aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1987: mwanafunzi yuleyule hujiona hafifu akiwekwa kati ya wakali. Na akishajiona hafifu huacha kujaribu, hapo ndipo maksi hushuka kweli.

Mimi nafundisha tuisheni hapa Kondele, Kisumu. Nina mwanafunzi mmoja ambaye karatasi yake ya hesabu ilikuwa imetoboka kwa kufutwafutwa. Nikaiinua kwenye mwanga: hatua tatu za kwanza zilikuwa sahihi! Alifuta kwa vile jirani yake aliandika kitu kingine. Sikumsifu bure (watoto huzinusa sifa za uongo kutoka mbali), nilimnyang'anya raba tu. Siku hizi angalau maksi za hatua anazipata.

Likizo hii usimuulize amekuwa wa ngapi. Mwambie akuonyeshe swali moja alilokosa, akueleze alikwama wapi, hata kama wewe mwenyewe hesabu ulizikimbia.